Beseni la Mawele

Kanku alikuwa na nyati mmoja wa kufugwa, wa maziwa. Alimwita Kajal, yaani wanja, kwa sababu ngozi yake ilikuwa nyeusi. Kila asubuhi alimkamua, akabeba ndoo hadi kituo cha maziwa cha kijiji, akapanga foleni na wanawake wenzake. Mumewe alikuwa mjini Surati, akisugua almasi kiwandani. Nyumbani Kanku alibaki na mwanawe mchanga na mama mkwe wake, Jivi. Maziwa ya Kajal ndiyo yaliyowalisha.

Kajal alikuwa amezaa wiki tatu nyuma. Alitoa lita sita kwa siku.

"Sita tu?" Hira, jirani yake, alimcheka kwenye foleni. "Mwenzangu, huyo ni nyati au mbuzi aliyenenepa? Wangu ananipa kumi!"

Wanawake wakaangua kicheko. Kanku naye akacheka, lakini maneno yalimchoma moyoni.

Jioni ile Jivi alienda hekaluni kuimba. Kanku akafungua pipa la unga wa mawele. Siku zote Kajal alipewa bakuli mbili. Leo Kanku alichota beseni zima, akatia na sukari guru. Kajal akala, akaramba beseni. Kanku akachota la pili.

"Kula, mama," alimnong'oneza. "Kesho tutawaziba midomo."

Kulipopambazuka, Kajal hakugeuza kichwa aliposikia ndoo. Alisimama miguu ikitetemeka. Alisaga meno. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba. Kinyesi kilikuwa maji matupu, chenye harufu kali ya uchachu. Chuchu zilitoa kikombe kimoja tu.

"Mama! Mama, njoo!" Kanku aliita.

Jivi alikuja mbio, akampapasa Kajal puani. Pua ilikuwa kavu.

"Hili ni jicho la husuda," alisema. "Uliniambia jana Hira alimtaja Kajal kwenye foleni, siyo? Basi ndilo hilo. Lete ndimu na pilipili nimfunge shingoni."

Kanku alileta ndimu. Alijua si jicho. Lakini angeanzia wapi kusema? Nyati mwenyewe alinunuliwa kwa bangili za Jivi.

Jua likapanda. Kajal akapiga magoti, akalala. Hapo Kanku hakungoja ruhusa. Alimkabidhi Jivi mtoto, akakimbia kwa Reva.

Reva alikuwa mwanamke wa kijijini, aliyesomea kutibu mifugo. Alikuja na mfuko wake begani. Alimpima joto Kajal, kisha akabonyeza ubavu kwa ngumi na kutega sikio. Tumbo lilitoa mlio wa maji.

"Amekula nini jana?" aliuliza.

"Kama siku zote," Jivi akajibu. "Bakuli mbili za mawele na mabua."

Reva alikunja uso. "Una hakika, mama? Nikikosea dawa, nitamuua mimi mwenyewe. Kanku, wewe ndiye mlishaji. Kala nini?"

Kanku alitazama chini. Kajal alikoroma kwa maumivu.

"Mabeseni mawili," alisema. "Ya unga. Na sukari guru."

"Ati nini?" Jivi aliruka. "Mabeseni mawili? Mwanamke wewe, una akili?"

"Mgombeze baadaye, mama," Reva alimkatiza. "Sasa najua la kufanya. Kanku, kanunue magadi ya kupikia dukani, pakiti zote walizonazo. Chemsha maji yawe vuguvugu. Haraka!"

Kanku alikwenda mbio, akarudi mbio. Reva alikuwa akiongea na daktari wa mifugo kwa simu, akiandika kipimo kiganjani.

"Kwanza lazima akae wima," alisema. "Akinyweshwa akiwa amelala ubavu, maji yataingia mapafuni. Tumsukume!"

Jivi alimlaza mtoto kando, na wanawake watatu wakamwegemea nyati, mabega yao yakisukuma. Mara ya kwanza akaanguka tena. Ya pili vilevile. Ya tatu akalalia kifua, kichwa juu. Reva akapitisha mpira mwembamba mdomoni, akahakikisha umefika tumboni, ndipo akamimina maji ya magadi pole pole.

"Magadi ya nini?" Kanku aliuliza, akishika kichwa cha Kajal.

"Tumbo la nyati ni kama chungu cha kuchachushia. Humo mna vijidudu vinavyomsagia majani. Unga mwingi ukiingia ghafla, chungu kinachacha kupita kiasi. Uchachu unaviua vijidudu, unaingia kwenye damu. Magadi yanapunguza uchachu."

"Na akipona, nimpe nini?"

"Mwanzoni majani makavu tu. Hata punje ya nafaka asiione."

Daktari alifika alasiri, akamtundikia Kajal chupa ya dawa. "Mngechelewa hadi jioni, ningekuta mzoga," alisema.

Siku ya pili Kajal alisimama. Siku ya tatu alianza kucheua. Kanku alikaa akimtazama taya lake likizunguka, machozi yakamtoka.

Reva alirudi na mizani. Alimfundisha Kanku kuchanganya chakula cha kilo kumi hivi: kilo tatu na nusu za nafaka iliyopasuliwa, tatu za mashudu ya pamba, tatu za pumba za ngano, viganja viwili vya madini na kimoja cha chumvi.

"Nafaka inatia nguvu, mashudu yanajenga maziwa," alisema. "Lakini majani ndiyo chakula chake hasa, mabichi na makavu. Mchanganyiko huu ni wa siku kadhaa; mpe kidogo asubuhi na kidogo jioni. Ukitaka kuongeza, ongeza bakuli moja, ungoje siku tatu, utazame kinyesi. Tumbo halipendi kushtuliwa."

Kanku alifuata hivyo hivyo. Maziwa yalirudi kidogo kidogo. Mwezi ulipokwisha, Kajal alitoa lita nane, na mafuta ya maziwa yake yalipimwa kituoni yakaonekana mazuri.

Siku moja Kanku alikuwa akichanganya chakula uani. Jivi, ambaye tangu siku ile alikuwa akimsemesha kwa neno moja moja, alikuja akachuchumaa kando yake. Akatia mkono kwenye pumba.

"Mwaka nilioolewa," alisema, "ng'ombe wa baba mkwe wako alikufa. Nilimlisha ngano iliyobaki harusini, karai zima. Alivimba hivyo hivyo. Wakasema ni jicho, nami nikanyamaza. Sijamwambia mtu miaka arobaini."

Kanku aliacha kuchanganya. "Mbona unaniambia leo, Mama?"

"Kwa sababu wewe ulisema," Jivi akajibu, "nyati akiwa bado anapumua."

Akavuta beseni karibu, wakachanganya pamoja.