Jiwe Alilolikimbia Pazi

Haya aliniambia Nuria mwenyewe, Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, akinisuka barazani kwangu, Pangani hapa Kibaha. Kichwa changu kilikuwa kati ya magoti yake, hatutazamani usoni. Nadhani ndiyo maana akayasema yote.

Asubuhi moja sokoni Maili Moja, Nuria alikuwa amemshika mteja, msuko wa twende kilioni umefika nusu ya kichwa. Kijana mwenye ovaroli ya buluu iliyotobolewa na cheche akaanguka mbele ya benchi lake, ameshika ubavu, anajinyonganyonga.

"Toka hapa na pombe zako! Asubuhi yote hii?"

"Dada, sijawahi hata kuionja," akasema kijana, akatapika.

Nuria akaona haya. Akaita bajaji, akamkokota kijana ndani.

"Na mie je?" akapiga kelele mteja.

"Jifunge kanga, narudi!"

Hospitali wakamchoma sindano ya maumivu. Wakasema ni jiwe limetoka kwenye figo, anywe maji kwa wingi na arudi kupigwa picha. Kijana aliitwa Pazi, mtu wa Masaki, Kisarawe, fundi wa kuchomelea mageti. Kutwa kwenye joto, na kinywaji chake soda. Maumivu yalipopoa hakurudi hospitali. Alirudi kwa Nuria.

Ikawa simu haziishi.

"Msusi wangu, umekula?"

"Wewe umekunywa maji?"

"Ah, unaniuliza kama muuguzi."

"Muuguzi analipwa. Mie nakupenda bure."

Wazee wakatoka Masaki na barua ya posa. Akaipokea Bi Hamisa, shangazi aliyemlea Nuria. Posa ikakubaliwa, sare za kitenge zikashonwa. Ndipo ubavu ukaanza tena.

Safari hii Pazi akapigwa picha, akaingia kwa Dokta Laurensia. Nuria akabaki nje.

"Jiwe limekwama kwenye mrija unaoshusha mkojo toka kwenye figo," alisema daktari. "Ni kama punje ya hindi. Njia ziko tatu. Kupasua ubavu: kidonda kikubwa, damu nyingi, kupona taratibu. Siku hizi tunaiweka kwa mawe yaliyoshindikana. Ya pili ni kutoboa tundu dogo mgongoni, inafaa jiwe kubwa lililo ndani ya figo. Lako dogo, na liko chini. Tutapitisha kamera nyembamba, tulivunje kwa mwanga wa leza. Hatukukati popote."

"Kamera inapita wapi?"

"Unapokojolea. Utakuwa umelazwa usingizi, hutasikia."

Pazi akatazama viatu vyake. Alitaka kuuliza kama uanaume wake utasalimika, lakini anamwulizaje mwanamke?

"Nipasue tu, dokta."

"Kwa jiwe hili? Utabeba hatari na kidonda bure."

"Basi ngoja nikafikiri."

"Usifikiri sana. Figo ikizibwa inaharibika. Ukipata homa, njoo siku hiyohiyo."

Nje Nuria akauliza, "Kasemaje?"

"Kasema nipumzike."

Akaenda kupumzika Masaki. Siku ya tatu akapiga simu. "Nuria, ndoa tuiweke pembeni kwanza."

"Una mtu?"

"Sina."

"Mie nimekosa nini?"

Pazi akakata, akaizima simu.

Mtaani wakasema bwana harusi kachunguza, kaona kasoro. Bi Hamisa akaacha kwenda kwenye shughuli za watu. Nuria akavumilia, akashindwa. Akavaa baibui jipya lenye shanga mikononi, akapaka wanja vizuri, ili anayemwacha aone anachokiacha. Akapanda bodaboda mpaka Masaki.

Akamkuta Pazi nyuma ya nyumba, kwenye mkeka, kando ya mihogo iliyoanikwa. Jua kali, yeye kavaa sweta na anatetemeka. Pembeni jagi la mizizi ya kuyeyusha jiwe.

"Yuko wapi huyo mwanamke?"

"Hakuna mwanamke. Ni jiwe. Wanataka kulitoa kwa... huku." Akaonyesha kwa macho, akageukia ukuta.

Nuria akaangua kicheko. Alipoona mabega ya Pazi yanatikisika kwa kilio, kicheko kikamfia mdomoni.

"Nisamehe, baba. Lakini tazama. Wewe unamwonea haya daktari mmoja, mie mtaa mzima unanisema. Aibu yako umenivika mie."

Nuria akamgusa shingo, ilikuwa inaunguza. Wakapata lifti mbele kwenye fuso ya mkaa mpaka hospitali.

"Na homa hii silivunji leo," alisema Dokta Laurensia. "Uchafu umejaa nyuma ya jiwe. Kwanza nipitishe mrija laini mkojo ushuke, dawa zitulize homa. Ukipona tutalivunja. Halafu utarudi tuutoe mrija. Usithubutu kuusahau ndani."

"Zote kwa njia ileile?"

"Ileile."

"Mara tatu!" Pazi akafunika uso. Kisha, Nuria akiwa palepale, akauliza, "Dokta, nitaweza kuwa mume?"

"Utakuwa mume. Mkojo utachoma na kuwa na damu kidogo siku za mwanzo, basi."

Homa ikatulia, jiwe likavunjwa. Saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa watu na mahotipoti, Nuria akampigia Bi Hamisa, akaweka sauti ya juu, akamsogezea Pazi simu.

"Shikamoo, Shangazi. Ni Pazi."

"Marahaba. Kumbe ulimi unao."

"Nuria hana kasoro. Nilikuwa na jiwe, nikaogopa kutolewa."

"Watu wanapasuliwa na wanaoa!"

"Hawakunipasua."

"Wamelitolea wapi?"

Pazi akanong'ona.

"Sema kwa nguvu! Majirani waliomsema mwanangu ninao hapa, nao wasikie."

Pazi akatazama vitanda, akatazama wageni, akamtazama Nuria. Nuria hakumsaidia.

"Kwa njia ya mkojo, Shangazi! Nikaona aibu, nikakimbia, nikamtia aibu Nuria!"

Mzee wa kitanda cha dirishani akajiinua. "Mie zamu yangu kesho, mwanangu. Inauma?"

"Umelala, mzee. Husikii."

Kwenye simu Bi Hamisa aliwauliza watu, "Mmesikia?" Kisha akasema, "Pazi, wanaonivalia sare za harusi wananenepa, zitawabana. Pona upesi."

Pazi akavuta shuka mpaka usoni. "Nuria, wodi hii nitatokaje?"

"Kwa miguu, mume wangu."

Mkono ukatoka chini ya shuka, ukaushika wake. Nuria akakaa mpaka pumzi za Pazi zikatulia. Akalaza shavu ukingoni mwa godoro, kiatu kimoja kimemtoka, naye akalala.