Matikiti ya Chelagat na Wadudu Wekundu

Wenzake wakitoka zamu ya usiku walikimbilia kitandani. Chelagat alikimbilia shambani. Alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya wagonjwa huko Annandale, Marekani, na shamba lake lilikuwa nyuma ya kanisa. Kanisa liliwagawia waumini vipande vidogo vya ardhi. Karibu wote walipanda sukuma wiki. Chelagat alipanda matikiti maji.

Alikuwa na sababu. Kwao ni Bonde la Kerio, Kenya, na baba yake alilima matikiti huko maisha yake yote. Mzee alifariki mwaka 2005. Chelagat hakuweza kwenda kumzika, kwa kuwa karatasi zake za uhamiaji zilikuwa bado hazijatoka. Mwaka uliofuata alipanda matikiti. Alipoinama kati ya mimea ile, uchungu ulipungua.

Mwezi wa Julai majani yakaanza kujikunja. Ukiyashika, yalinata. Sisimizi walipanda na kushuka kwenye mashina. Na juu ya majani walitembea wadudu wadogo wa mviringo, wekundu, wenye madoa meusi.

"Ninyi nawajua," Chelagat akasema.

Kule Kerio wadudu wenye madoa walikula majani ya matikiti yakabaki matundu matundu. Baba yake alimfundisha kuwaponda kwa vidole. Basi Chelagat akawaponda. Akaponda na vidudu vingine vyeusi vyenye alama za rangi ya machungwa, bila hata kujiuliza ni vya nani. Kila asubuhi aliponda, vidole vikanuka. Lakini kadiri alivyoponda, ndivyo majani yalivyozidi kujikunja.

Ijumaa moja akaja Mwaura, msimamizi wa mashamba ya kanisa. Ni mtu mwenye sura ya kukemea hata anaposalimia.

"Chelagat, shamba yako ni mgonjwa. Hao wadudu wataingia kwa watu wengine."

"Nipe muda kidogo, mzee."

"Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na jembe. Nikipata iko hivi, tunang'oa yote."

Chelagat alitaka kulia, lakini Mwaura si mtu wa kuliliwa.

Kesho yake alirudi na mume wake, Kibet. Kibet alikuwa amenunua dawa kali ya kuua wadudu. Aliichanganya na maji, akajaza bomba la kunyunyizia, akalibeba mgongoni. Jua lilikuwa limeshapanda. Maua ya njano ya matikiti yalikuwa wazi, na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka.

"Leo tunaspray, story iishe," Kibet akasema.

"Jamani! Shemeji, acha! Usipige hiyo dawa!"

Aliyepiga kelele ni Bupe, jirani wa kipande cha pili. Bupe ni Mtanzania wa Tukuyu. Kabla ya kuja kufanya kazi ubalozini, alikuwa bibi shamba, yaani afisa wa kilimo anayezunguka kuwafundisha wakulima. Sasa aliruka matuta yake ya maboga, akasimama mbele ya bomba.

"Dada Bupe, tafadhali," Chelagat akasema. "Mwaura atang'oa kila kitu. Unataka nifanye nini?"

"Kwanza nionyeshe adui yako."

Chelagat akamwonyesha mdudu mwekundu. Bupe akatikisa kichwa. Akaligeuza jani. Upande wa chini ulikuwa umejaa vidudu laini vya kijani, vingi mno, vimeganda pamoja.

"Adui ni hawa. Vidukari. Wanafyonza maji ya jani, ndiyo maana linajikunja. Kinyesi chao ni kitamu, ndicho kinachonata. Sisimizi wanakifuata hicho."

"Na huyu mwekundu?"

"Huyu anawala vidukari."

"Haiwezekani! Baba yangu alinifundisha kuwaponda."

"Tusibishane, mdogo wangu. Tumwulize mwenyewe."

Bupe akatoa chupa tupu ya jemu. Akatia ndani jani lenye vidukari, kisha wadudu wekundu wawili. Wote watatu wakakodoa macho. Kibet naye akalishusha bomba. Haukupita muda, mdudu mmoja akamkamata kidukari, akamtafuna, akamwendea mwingine. Jani lenyewe hakuligusa.

Chelagat akaketi chini kwenye udongo.

"Na wale weusi wenye alama za machungwa?"

"Ni watoto wake. Hao wanakula kuliko hata mama yao."

"Kumbe nimekuwa nikiwaua walinzi wangu!" Machozi yakamtoka. "Kwa hivyo baba alikosea?"

"Hakukosea hata kidogo. Mdudu wa kwenu ni mwingine. Hang'ai, ana manyoya mafupi, na kweli anakula majani. Huyu anang'aa. Hata huku yupo anayekula majani ya maboga, lakini yeye ni wa njano. Usitazame madoa tu. Tazama jani. Kama limetafunwa, mtafute aliyelitafuna."

Kisha akamgeukia Kibet. "Na wewe, shemeji, ungepiga dawa saa hizi ungewaua nyuki. Bila nyuki, ua la tikiti halizai. Ungebaki na majani mazuri bila tunda."

Kibet alilitazama bomba lake kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi.

Kazi ikaanza hapo hapo. Walikata majani yaliyoharibika kabisa, wakayafunga kwenye mfuko, wakatupa. Kila asubuhi Chelagat alipiga maji kwa nguvu chini ya majani, vidukari wakaanguka. Jioni, nyuki wakishaondoka, Kibet alinyunyizia maji yenye sabuni ya kuulia vidukari, ile ya bustani. Alijaribu kwanza kwenye jani moja, akahakikisha halijaungua. Palipokuwa na wadudu wekundu, alipaacha.

Hata hivyo, Jumatano majani yalikuwa bado yamejikunja. "Tutang'olewa tukingoja," Kibet akalalamika. Chelagat hakula vizuri siku hiyo. Alhamisi akageuza jani, akaona vidukari wamepungua. Ijumaa akaona jani jipya, limenyooka. Chini yake alitembea mdudu mwekundu. Chelagat alicheka peke yake.

Jumamosi Mwaura akafika na jembe begani. Akageuza jani. Akageuza lingine. Uso ukakunjamana.

"Na hawa wekundu mbona mmewaacha?"

Chelagat alisimama kati yake na mimea. "Hao ndio walinzi wa shamba, mzee. Wanakula vidukari. Tazama jani, hakuna palipotafunwa."

Mwaura alilitazama jani kwa muda mrefu. Kisha akaona tikiti dogo, la ukubwa wa ngumi, limelala kwenye nyasi.

"Sawa. Wacha ikae," akasema, akaenda zake na jembe lake.

Mwisho wa Agosti walipasua matikiti baada ya ibada. Yalikuwa mekundu na matamu, juisi ikawachuruzika hadi viwikoni. Mwaura alikula kipande, akaongeza kingine. Halafu akamvuta Chelagat pembeni, akashusha sauti.

"Nyanya zangu zinanata. Si unigawie hao wadudu wako, hata wachache?"

"Nitakugawia, mzee. Lakini umepiga dawa?"

"Jana."

"Basi bado sikupi," Chelagat akasema. "Anza na maji."