Masharti Yasomwe Polepole

Wapo wanaopendana kwa kupeana maua. Hawa wawili walianza kwa kufokeana.

Ilikuwa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya Nzuguni, vumbi mpaka kwenye meno. Yudith alikuwa amesimama mbele ya banda la wauza mvinyo wa zabibu, kipaza sauti mkononi, gauni la kitenge cha njano limemkaa hasa. Alikuwa mshereheshaji, na Dodoma nzima waliijua sauti yake, kuanzia sendofu za Area C mpaka harusi za Kisasa. Mara spika za banda la jirani zikamfunika kabisa.

"Poka! Poka ya mtandaoni! Shinda mchujo! Mchujo! Mchujo!"

Aliyekuwa akipayuka ni Lameck, afisa masoko wa kampuni ya Karata Bingwa. Fulana nyekundu imemganda mgongoni, miwani myeusi, na mbele yake hakuna mteja hata mmoja.

"We kaka, hebu zima hiyo kitu!" Yudith alimwendea ameshika kiuno.

"Dada yangu, na mimi niko kazini."

"Kazi gani? Tangu asubuhi mchujo, mchujo, hata mimi sijaelewa unagawa nini. Watu wanadhani unachuja togwa!"

Lameck akacheka, akavua miwani. Yudith akaona macho mazuri, akakasirika zaidi. Kijana akamweleza taratibu: unacheza karata za poka kwenye simu, kuingia bure, mnashindana wengi. Wachache wanaopita wanapewa kiti kwenye mashindano makuu Arusha, na zawadi ziko huko.

"Kumbe ni hilo tu?" Akamnyang'anya kipaza sauti. "Jamani ee! Huu ni mchujo kama wa mpira. Ukishinda hujabeba kombe, umepata nafasi ya kwenda kuligombea. Umeelewa, karibu. Hujaelewa, njoo uulize!"

Watu wakaanza kusogea, mmoja mmoja, simu mkononi.

Jioni ile Lameck akapiga simu, namba kapewa na wauza mvinyo. "Mama Spika, na mimi nimepita mchujo?"

"Mchujo upi? Umejiandikisha lini?"

"Leo, pale uliponishikia kiuno."

"Kiuno nilishika changu, usijipe moyo."

Basi ikawa simu asubuhi, simu mchana, "umekula mpenzi?", "nimekumiss kipenzi changu", mambo yale. Jumamosi Yudith akimaliza kusherehesha, Lameck yuko nje na maji ya baridi na kandambili, maana alijua viatu virefu vinamuua. Nani asingependa?

Siku moja Lameck akamwomba arekodi tangazo la mchujo kwa ajili ya redio. Yudith akakubali kwa sharti moja.

"Ile sentensi ya masharti, kwamba kiti si fedha, siikimbizi. Naisoma kama ninavyosoma majina ya wazazi wa bibi harusi. Mtu asikie."

"Nakuahidi, malaika wangu."

Akaisoma vizuri: "Ukishinda mchujo hujapata fedha. Umepata kiti cha kwenda kushindana tena." Lameck akambusu shavuni mbele ya fundi mitambo. Yudith akaondoka anatabasamu njia nzima.

Mwezi Oktoba mjomba wake akampigia kutoka Kongwa. Mzee Nikodemo ndiye aliyemlea tangu baba yake afariki, na kwa Wagogo mjomba si mtu wa kuchezea. Bila yeye binti haolewi.

"Mwanangu, njoo Jumapili. Nimeshinda!"

"Umeshinda nini, mjomba?"

"We njoo tu."

Alikuta uwanja umejaa ndugu na majirani, ngoma inalia, vyungu vinatokota. Harufu ya nyama ilikuwa kila mahali. Yudith akatazama zizini. Wale maksai wawili wa kulimia, Kanali na Meja, alibaki Meja peke yake.

"Shikamoo mjomba. Kanali yuko wapi?"

"Marahaba. Kanali yuko kwenye chungu!" Mzee alikuwa anang'aa kwa furaha, koti la suti juu ya shati jeupe. "Kanali wa nini tena? Nimeshinda karata zenu za kwenye simu. Nanunua trekta, nimeshawatangazia wote hapa."

Yudith akaomba simu, akasoma ujumbe: Hongera! Umepata kiti, mashindano makuu Arusha.

"Mjomba... hiki ni kiti."

"Si ndiyo zawadi?"

"Hapana. Ni nafasi ya kwenda kucheza tena, na wengine walioshinda kama wewe."

Ngoma ikanyamaza. Mzee akaketi kwenye kigoda, akavua koti, akalikunja magotini.

"Lakini ni wewe uliyesema redioni," alisema kwa sauti ndogo. "Ingekuwa mtu mwingine nisingeamini. Nilisikia sauti ya mwanangu."

Yudith akafungua tangazo kwenye simu yake. Mwanzo sauti yake ilitoka tamu, imepambwa na muziki. Kisha ikafika ile sentensi. Walikuwa wameikimbiza kwa mashine mpaka ikawa mlio wa mbu. Hakuna binadamu ambaye angeambulia neno.

Hivi mtu anayefanya hivyo, analala usingizi?

Akatoka nyuma ya zizi, akapiga.

"Kipenzi changu..."

"Usiniite kipenzi! Nani alikimbiza sentensi yangu?"

"Sentensi ipi?"

"Lameck, nakuuliza!"

"Ni bosi, Fabian. Alisema muda wa redio ni mfupi, na masharti yanafukuza wateja."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukasemaje?"

"Sikusema kitu."

"Hukusema kitu! Spika zote zile, siku ya kusema ukweli umekuwa bubu? Mjomba wangu amechinja maksai wake mwezi mmoja kabla ya mvua! Atalima na nini? Atalima na kiti? Kwaheri, na namba yangu ifute!"

Lameck akapiga tena na tena. Simu haikupokelewa. Kesho yake akaingia ofisini kwa Fabian bila kubisha hodi.

"Tangazo lile tulirekebishe."

"Lina shida gani? Wachezaji wameongezeka."

"Wameongezeka wasiojua wanachoshindania! Mtu akishinda akagundua ni kiti, anatutukana na harudi. Nzuguni yule binti alisema ukweli mtupu, na watu wakapanga foleni. Hiyo ndiyo promosheni, bosi. Sema zawadi ni nini, iko wapi, inapatikanaje. Watakaokuja watabaki."

"Ukweli unakula sekunde kumi, Lameck."

"Basi sekunde hizo nazitoa mimi, hata ikinigharimu kazi."

Akachukua funguo za gari la matangazo, akalivuta barabara ya Kongwa, gari jekundu, spika juu. Alipofika akazunguka kijiji kizima akiwaita watu kwa Mzee Nikodemo. Walikuja wote waliomla Kanali. Yudith, ambaye hakuwa amerudi mjini, alitoka ndani na khanga kiunoni, unga mikononi, macho yakiwaka.

"Umekuja kufanya nini? Ondoka!"

Lameck akasimama uwanjani, kipaza sauti mkononi.

"Wazee wangu, shikamooni. Naitwa Lameck. Mzee Nikodemo hakudanganya wala si mjinga. Alishinda, tena aliwashinda wengi. Binti yake alisema redioni kwamba kiti si fedha. Kampuni yetu ikayakimbiza maneno yake yasisikike. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Aliyewadanganya ni mimi."

Alisema polepole, neno kwa neno. Kisha akazima spika, akamgeukia Yudith.

"Kazi nimeiacha. Gari narudisha leo. Nakupenda, Yudith, nataka kukuoa."

"Huoni aibu? Unanitangazia ndoa kama sabuni?" Yudith alifoka, machozi yanamshuka. "Ningekuwa na fimbo ningekuchapa!"

"Nichape."

Mzee Nikodemo akakohoa.

"Kijana, kwetu mwanaume hajiposei. Unatafuta mshenga, anakuja na heshima zake. Na mahari kwetu ni ng'ombe." Akaelekeza kidole zizini, Meja alikokuwa akitafuna mabua peke yake. "Wa kwanza awe maksai aliyefunzwa jembe. Aje kabla ya mvua. Wengine tutazungumza."

"Nimeelewa, mjomba."

"Mjomba wako nani? Bado!" mzee akasema, watu wakacheka.

Lameck akamtazama Yudith. Yudith akajifuta machozi kwa mkono wenye unga, uso ukabaki na doa jeupe.

"Na wewe umekubali?"

"Nina hasira na wewe mpaka kooni," Yudith alisema. "Tuma huyo mshenga. Na umwambie, masharti ya mjomba, na yangu nitakayompa, ayarudie yote hapa uwanjani, polepole."