Taa ya Buluu

Rafiki yangu mmoja, fundi wa mitandao, alitumwa kubadilisha swichi iliyoharibika, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta kwenye mtandao, ndani ya kabati la seva. Bosi wake, mtu wa kufokea watu kama mbwa, alibaki ofisini. Kawaida yao, bosi huiwashia swichi mbovu taa ya buluu kwa kompyuta akiwa ofisini, ili fundi aitambue kati ya nyingine na kuchomoa hiyohiyo.

Chumba kilikuwa giza, feni zikinguruma. Fundi akaiona taa ya buluu ikiwaka na kuzima, akachomoa nyaya za swichi hiyo na kuitoa kabatini. Feni zote zikanyamaza ghafla.

Simu ikalia. "Mpumbavu wewe! Umegusa nini? Mtandao wote umekufa!"

"Nimechomoa ile yenye taa, bosi."

"Taa gani? Sijawasha taa yoyote!"

Fundi akainamisha macho. Swichi ilikuwa mikononi mwake, haina waya wala umeme, na ile buluu bado inawaka na kuzima.