Springi Mbili za Krogstad

Arvid Thorsrud alilala kifudifudi nyuma ya kaunta ya duka lake la vipuri, fuvu limebonyea kama debe lililokanyagwa na trekta. Kando yake ilikuwa springi ya trela ya kilo saba, vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambavyo mafundi huviita majani. Damu na mvi zilikuwa zimegandia kwenye majani hayo.

"Pigo la kwanza lilimwangusha," alisema daktari wa polisi. "Haya manne mengine ni hasira tu."

Inspekta Lorna Bischke hakuhitaji kuuliza hasira za nani. Wiki tatu nyuma, Marlys Krogstad alifia kwenye barabara ya changarawe, trela la tangi la maji lilipopinduka na kuliburuta gari lake mtaroni. Mumewe Wendell alisimama kanisani, watu wakinywa kahawa baada ya ibada, akanguruma: "Arvid kaniuzia springi mbovu. Nitampasua kichwa!"

Ilipofika saa nne asubuhi, Wendell alikuwa mahabusu.

"Umemuua?"

"Kuna mtu kanitangulia."

"Saa moja, alipouawa, ulikuwa wapi?"

"Kwa ng'ombe. Kawaulize."

"Springi alizifunga nani?"

"Gaylen, mdogo wangu. Mimi hata spana siijui, afande."

Lorna alirudi dukani akafungua daftari la mauzo. Mwandiko wa Arvid ulikuwa safi: trela la Krogstad, jozi moja, inchi ishirini na sita tundu hadi tundu, majani manne kila moja. Kwa tani ya maji, hakuwa amekosea.

Alikwenda kwenye uwanja wa polisi lilikowekwa trela.

"Mzee Arvid alikuja jana alasiri na futi yake," alisema Konstebo Ruud. "Akachuchumaa pale, akapima, akaondoka bila kuaga. Alikuwa amebadilika rangi."

Lorna naye akachuchumaa. Springi ya kushoto ilikuwa mpya, majani manne. Ya kulia ilikuwa kuukuu, majani matatu, imekunjika hadi kugusa chasisi. Urefu ulikuwa sawa, ndiyo maana bolti zilikubali.

"Ruud, chukua pingu."

Walimkuta Gaylen Krogstad bandani kwake, mikono imelowa mafuta ya taa, akisugua buti. Nyuma yake lilisimama trela lake dogo. Upande mmoja springi iling'aa.

"Hiyo mpya pacha wake yuko wapi, Gaylen?"

"Springi ni springi, mama."

"Ya Wendell ina majani matatu."

Gaylen aliruka na spana ya magurudumu. Lorna alisikia mfupa wa mkono wake wa kushoto ukivunjika kabla hajasikia maumivu. Spana ilipoinuka tena, akampiga teke la goti. Goti likalia. Ruud akamwangukia, wakabingirika kwenye vumbi la nafaka. Gaylen akamng'ata sikio, mpaka Lorna alipomtia bastola shingoni.

"Mwachie! Mwachie, nitakumaliza!"

Akamwachia, akatema damu.

Kituoni hakusumbua tena. Kwenye buti palibaki damu, na alama za vidole vyake zilikuwa kwenye springi iliyomuua Arvid.

"Yangu ilivunjika siku za kupanda," alisema. "Arvid alikuwa na jozi moja tu, ya kaka. Nikasema nitumie moja siku mbili, nimfungie ya zamani. Ilikaa sawasawa."

"Majani hukuyahesabu?"

"Niliyahesabu."

"Arvid alikuambia nini?"

"Alinipigia simu. 'Njoo asubuhi, twende wote kwa kaka yako. Umwambie mwenyewe.'"

"Alikupa nafasi."

"Nafasi gani, afande? Nimwambie kaka kwamba ni mimi niliyemuua Marlys? Siku ileile ya ajali nilikula mezani kwake! Arvid aligeuka kuchukua kofia. Nikaona nikimnyamazisha, kaka ataendelea kunipenda."

Lorna alikwenda mahabusu, mkono umefungwa kwenye mbao, akafungua mlango kwa ule mzima.

"Uko huru, Wendell."

"Nani?"

Akamwambia yote, kuanzia springi. Wendell alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akaketi tena taratibu kwenye benchi la saruji, akaitazama mikono yake mikubwa.

"Bado yumo humu ndani?"

"Atapelekwa jela ya wilaya mchana."

"Basi funga mlango, mama," alisema Wendell. "Usinifungulie mpaka aondoke."

Lorna akafunga.