Nusu Dakika ya Kumsubiri Kulow

Kila siku baada ya shule, Dahabo alipitia kwenye chumba cha redio mjini Garissa, ambako baba yake, Korane, alifanya kazi. Ulikuwa mwaka 1966. Kwa sababu ya vita, barabara ya kutoka Garissa kwenda Wajir ilikuwa hatari, na magari yalisafiri kwa msafara uliolindwa na askari. Habari zote za haraka zilipitia redioni.

Korane alitoboa ujumbe kwenye ukanda wa karatasi, kisha mashine ikautuma kipande kwa kipande. Ilikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha. Cha kwanza kilipanga idadi ya maneno katika kila kipande, nacho kilikaa kwenye kumi, ili mngurumo wa hewani ukimeza neno, wasirudie ujumbe mzima. Cha pili kilipanga muda wa kusubiri jibu: sekunde thelathini. Muda ukiisha kabla Korane hajapokea maneno mawili ya kwanza ya jibu na kubonyeza kitufe cha kuendelea, mashine ilirudia kipande kilekile. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa vifundo hivyo.

Mwezi huo wa Ramadhani kazi ilizidi. Kwa siku sita mfululizo Korane alifuturu peke yake mbele ya mashine. Dahabo, mwenye miaka kumi na miwili, alimkosa sana nyumbani. Siku ya saba, baba alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, binti huyo alikitazama kifundo cha muda. Aliona kusubiri kote huko ni kupoteza wakati. Akakizungusha hadi kumi na tano.

Korane aliporudi, kichwa kikimuuma kwa swaumu, alianza kutuma ujumbe muhimu. Lori la dawa lingeondoka na msafara alasiri, na hospitali ilitaka kujua Wajir wanahitaji dawa gani kwa watoto waliougua kichomi. Kulow, mtumaji wa Wajir, alianza kujibu. Kabla hajamaliza neno la pili, mashine ikarudia swali na kumkata. Alianza upya, akakatwa tena. Saa nzima ikapita hivyo.

Hatimaye Korane alivua visikizi masikioni. Alisema kwa huzuni kwamba Kulow amechoka, na kwamba itabidi awaandikie wakubwa watafute mtu mwingine. Akavuta karatasi.

Dahabo alikitazama kifundo. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini aliwafikiria wale watoto, akamfikiria na Kulow, mzee ambaye hakuwahi kumwona lakini alimwita Adeer, yaani ami.

"Aabo, usiandike," alimwambia baba yake, machozi yakimlengalenga. "Si Adeer Kulow. Ni mimi. Nimepunguza muda, nilitaka umalize mapema uje tufuturu pamoja."

Korane aliiweka karatasi kando. Akarudisha kifundo kwenye thelathini, akavaa visikizi na kutuma swali upya. Wakasubiri. Sekunde kumi zilipita, ndipo mlio ukaanza, wa polepole lakini safi. Kulow alimaliza maneno ya kwanza, Korane akabonyeza kitufe ili mashine isirudie, kisha dawa zote zikatajwa, moja baada ya nyingine, naye akaziandika. Dahabo alikimbia na karatasi hadi hospitalini. Lori liliondoka likiwa na makasha yote.

Aliporudi, baba alimketisha kando yake.

"Mwaka jana gari la Kulow lilikanyaga bomu, akapoteza vidole vya mkono wa kulia," alimweleza. "Sasa anabonyeza kwa mkono wa kushoto. Ule muda niliupanga kwa ajili yake."

Dahabo aliinamisha kichwa, akaomba radhi.

"Ulikosea kugusa usichokijua," alisema Korane, akimfuta machozi kwa ncha ya shali yake. "Na mimi nilikosea kumlaumu mwenzangu kabla ya kuikagua mashine. Lakini umesema kweli wakati kunyamaza kulikuwa rahisi, na kwa kweli hiyo watoto wamepata dawa, na mtu mwema amebaki na kazi yake. Ukikosa, mwanangu, sema upesi, kabla mwingine hajaumia kwa kosa lako."