Waya Darini kwa Kalinga

Hili lilimpata rafiki yangu Kalinga, fundi wa malori pale Mafinga, mwaka sabini na sita. Umeme ulikuwa umekatika tena na mkewe alikaribia kujifungua, hivyo akaamua betri ya lori iwashe taa chumbani. Alipanda darini gizani kupitisha waya, nao ukakwama kila mara.

"Vuta basi, mama Regina. Unavuta kama umelala," alimkaripia mkewe, aliyemwacha chini ameshika ncha. Mungu amsamehe.

Waya ukavutwa taratibu, ukikwaruza mbao.

Ndipo mkewe akaita kutoka uani: "Baba Regina, uchungu ulinianza, nikaenda kumfuata mkunga, ndio tumefika. Shuka utufungulie, mbona mlango una komeo kwa ndani?"

Kalinga alikuwa hajauachia waya, na kule chini bado ulikuwa unavutwa.